Somo: Kuvaa yukata isifunguke, na safari ya siku moja Kamakura wakati wa Bonbori

Bonbori ni sikukuu ya taa za karatasi katika hekalu la Kishinto la Tsurugaoka Hachimangu, mjini Kamakura, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka Tokyo. Huanza siku moja kabla ya Risshu, siku ya mwanzo wa vuli katika kalenda ya jadi, ambayo huangukia Agosti 7 au 8, na huisha Agosti 9. Taa zipatazo 400 hupangwa uwanjani, kila moja na mchoro au maandishi ya mkono. Wengi huenda na yukata, vazi jepesi la Kijapani la kiangazi, na ikifika saa mbili usiku utawaona baadhi yao wanashikilia mapindo yanayoburura. Karibu kila mara kosa liko hatua ya 4.

Kuvaa, kwa wanawake

Andaa yukata ya pamba yenye urefu unaolingana na kimo chako (tofauti isizidi sentimita 5), kamba mbili za kitambaa, obi (mshipi wa kitambaa) yenye upana wa sentimita 15 hadi 17 na urefu wa karibu mita 4, na kile kibao chembamba cha kunyoosha obi mbele.

1. Tanguliza nguo ya ndani ya pamba. Bila hiyo, jasho hugandisha kitambaa mapajani na kila hatua inavuta upindo. Mwenye kiuno chembamba ajizungushie taulo, obi ipate pa kukaa.

2. Vaa yukata, linganisha ncha mbili za ukosi, mshono wa mgongoni ukae katikati. Inua mpaka upindo ufike kwenye kifundo cha mguu.

3. Funika upande wa kulia kwanza, kona yake ya chini ipande kama sentimita 10. Kisha leta wa kushoto juu yake, kona ipande 3 hadi 5. Kushoto hukaa juu daima, kwa mwanamke na mwanamume. Kulia juu ni namna ya kumvisha maiti.

4. Funga kamba ya kwanza juu kidogo ya mifupa ya nyonga, na uikaze kwelikweli, maana ndiyo inayobeba vazi zima. Ukiifunga penye tumbo laini, ukila na kuketi inahama, na upindo unashuka. Fundo liwe pembeni.

5. Ingiza mikono kwenye matundu ya chini ya makwapa, nyoosha kitambaa kilichozidi kiangukie juu ya kamba. Vuta ukosi nyuma, pawe na nafasi ya ngumi moja shingoni. Kamba ya pili hukaa chini ya matiti, bila kubana.

6. Kunja nusu upana sentimita 50 hadi 60 za mwanzo wa obi, zitupe begani. Zungusha mara mbili, ukikaza kwa kuvuta ukingo wa chini. Ukivuta wa juu, kifua kinabanwa na chini panalegea. Funga. Sehemu ndefu ikunje kwa upana wa mabega, ibane katikati, izungushie ile ncha fupi, chomeka ziada. Tia kibao kati ya mizunguko, kisha peleka fundo mgongoni kwa kuzungukia kulia. Ukizungukia kushoto unakwenda kinyume cha ukosi, na kifua kinafunguka.

Wanaume hawana ziada ya kukunja, kwa hiyo urefu uwe sawa tangu dukani. Obi yao ni nyembamba na hukaa nyongani, chini ya tumbo.

Siku yenyewe

Usitoke asubuhi. Agosti joto hupita nyuzi 30, tena la unyevu, na kinachofuatwa ni taa za jioni. Panda treni ya Yokosuka saa saba mchana, na ukifika Kamakura dandia Enoden, treni ndogo ya mtaani, hadi Hase, kituo cha tatu. Huko Buddha Mkuu, sanamu ya shaba yenye kimo cha zaidi ya mita 11, ameketi bila paa na kivuli ni haba, kwa hiyo beba maji na kipepeo cha mkono. Rudi Kamakura ukapite Dankazura, njia iliyoinuliwa katikati ya barabara, ufike hekaluni saa kumi na mbili. Jua huzama kama saa 12:40 na taa huwashwa. Kuna ngazi 61 za mawe: shika upindo kwa mkono wa kulia, panda polepole.

Maswali ya wanachama

*Geta, viatu vya mbao vya kuvalia yukata, zinanichubua vidole.*
Geta hazivaliwi kama kandambili. Usisukume vidole mpaka mwisho wa kamba. Kisigino kitokeze nyuma sentimita 1 au 2. Vuta kamba ilegee siku moja kabla, na bandika plasta kabla ya kutoka, si baada ya kuchubuka.

*Chooni je?*
Chomeka mikono ya yukata ndani ya obi, kisha inua tabaka moja moja kuanzia la nje. Kushusha ni kinyume chake.

*Doti moja ya leso inatosha kushona yukata?*
Haitoshi. Jora la yukata lina upana wa sentimita 36 hadi 38 na urefu wa karibu mita 12, yaani zaidi ya mita 4 za mraba. Doti ya mita 3 kwa 1.1 ni kama 3.3. Nunua doti mbili, na mweleze fundi mapema pindo za leso ziangukie wapi, la sivyo zitakukatiza mgongoni.

*Naifuaje?*
Ikunje, itie kwenye mfuko wa wavu, maji baridi. Ianike kwa kupitisha ufito mikononi, kivulini, maana jua hupausha rangi ya nili.