Dagaa hana tumbo: namna ya kuokota mawazo ya nembo mwaloni

Miaka michache iliyopita mama mmoja anayefungasha dagaa alinipa kazi ya nembo. Nikafanya tulichozoea: nikaingia intaneti, nikamchukua samaki mmoja aliyenona, nikamzungushia duara, jina chini. Saa moja, kazi imeisha. Mama akaishika karatasi, akaisogeza mbali kidogo na macho. "Mwanangu, huyu si sato? Mimi nauza dagaa. Dagaa hana tumbo."

Nusu ya malipo nilishaichukua, na nilishaila. Ikabidi nianze upya, na nilivyoanza siku ile ndivyo ninavyofanya mpaka leo.

Hatua ya 1: Toka na jambo moja tu

Ukitoka "kutafuta mawazo" utarudi na picha mia mbili na hutatumia hata moja. Jiambie leo naangalia herufi, basi. Au namba. Mimi napanda daladala hadi Kirumba, Mwanza, kisha nashuka kwa miguu hadi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, asubuhi kabla jua halijawa kali. Salimia watu kwanza, sema umefuata nini. Mtu anayezunguka na simu akipiga picha mitumbwi na magunia hudhaniwa ni wa kodi.

Hatua ya 2: Andika kabla ya kupiga picha

Beba daftari dogo lenye maswali matatu: hiki kimeandikwa kwa kifaa gani, juu ya kitu gani, na kinatakiwa kisomwe kutoka umbali gani?

Usiharakishe hapa. Tazama namba ubavuni mwa mtumbwi. Zilizopigwa kwa stensili, yaani bati lililotobolewa umbo la namba na kupakwa rangi juu yake, utazijua kwa mianya: sifuri imekatika juu na chini, nane imekatika kila tundu. Si mapambo. Ukikata sifuri nzima kwenye bati, kipande cha katikati kinadondoka, kwa hiyo lazima uache vijidaraja vya kukishikilia. Sasa geukia jina la mtumbwi, lililoandikwa kwa mkono. Ubao unapinda kuelekea omo, na fundi ameziinamisha herufi zifuate mpindo huo. Amezinenepesha pia, maana mbao hunywa rangi na maji hulamba inayobaki. Halafu angalia magunia: herufi mbili na mstari, basi, ili mpakuaji wa mji mwingine ajue mzigo ni wa nani. Kwangu hiyo ni nembo kamili kuliko nyingi zinazolipiwa mamilioni.

Hatua ya 3: Chukua sababu, umbo liache pale pale

Wengi hukwama hapa. Wanaona stensili nzuri, wanarudi nyumbani kupakua fonti yenye mianya, na matokeo yanafanana na fulana za kijeshi za mnadani. Ulichotakiwa kubeba ni funzo la kwamba mwanya nao ni mchoro. Itazame nembo ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, aliyoibuni Lindon Leader mwaka 1994: kati ya E na x kuna mshale, nao ni nafasi tu iliyobaki baina ya herufi. Au jicho la mwaka 1951 ambalo ni nembo ya CBS, televisheni ya Marekani. Mbunifu wake, William Golden, alivutiwa na alama zilizochorwa kwenye mabanda ya wakulima wa Pennsylvania, lakini ukiliangalia jicho lile huoni banda wala ng'ombe.

Kwa kazi ya mama nilikwenda wanakoanika. Dagaa wakishamwagwa, huoni samaki mmoja mmoja. Unaona mng'aro, mistari mifupi imelala kila upande. Nikachovya brashi: mpigo mmoja, dagaa mmoja, unaanza mnene na kuishia mwembamba. Mipigo mitano ikatosha.

Hatua ya 4: Itese

Nyeusi tupu kwanza, rangi baadaye. Iprinti kwa ukubwa wa sarafu, ibandike ukutani, vuka barabara uitazame. Ikipotea, punguza kitu. Mteja atataka namba ya simu iwe kubwa kuliko nembo; huo ni ugomvi mwingine.

Hatua ya 5: Ikihitajika isogee

Siku hizi wapiga video nao wanataka majina yanayotokea mwanzoni mwa video yawe na maisha. Mbunifu Saul Bass alishaonyesha mwaka 1955, kwenye filamu ya The Man with the Golden Arm, kwamba mistari myeupe juu ya weusi inatosha: inaingia, inasogea, mwisho inakuwa mkono uliopinda.

Sisi tuna ziwa. Usiku usio na mbalamwezi, simama ufukweni utazame taa za wavuvi wa dagaa. (Mwezi ukiwa mkubwa usijisumbue, taa hazivuti dagaa na wengi wamepumzika.) Haziwaki kwa pamoja. Moja kule, kimya, mbili karibu karibu, kimya kirefu, halafu mstari mzima. Andika mwachano wa sekunde zake. Ndio mdundo wa majina yako.

Nyumbani chukua karatasi nyeusi, kata vidoa vya njano, funga simu kwenye stendi ikitazama chini. Sogeza kidogo, piga picha, sogeza tena. Kwa picha 12 kila sekunde, sekunde 5 ni picha 60: jioni moja inatosha.

Hatua ya 6: Mpelekee fundi

Kabla sijamkabidhi mama, nilirudi mwaloni nikamwonyesha mzee anayeandika mitumbwi. Nikampa shikamoo, nikampa karatasi. Akapitisha kidole juu ya mpigo wa nne, polepole, kama anayepaka. "Hapa umekata kwa kompyuta," akasema. "Brashi haigeuki hivi."

Nikaomba brashi yake, nikaurudia pale pale, juu ya kipande cha ubao.