Kufunga mota ya fezi tatu kwenye mashine ya milingi nyumbani

Mashine nyingi za milingi (za kuchonga chuma) za mtumba huja na mota ya fezi tatu, na nyumbani kwako kuna fezi moja ya volti 230. Usikimbilie kuitupa mota. Tafuta inveta ya kuendeshea mota (VFD), inayopokea fezi moja na kutoa tatu. Utaongeza na kupunguza mwendo bila kuhamisha mkanda kila mara.

Hatua ya 1: Soma kibao cha mota

Usinunue chochote kabla ya hapa. Ukikuta 230/400, umepata: itafungwa delta (koili tatu zikiungana ncha kwa ncha kama pembetatu) na kukubali volti 230 za inveta. Ukikuta 400/690, delta yake inataka volti 400, na kwa 230 itakuwa dhaifu. Kama zinatoka waya tatu tu na kibao kinasema 400, muone fundi wa kusuka mota. Mara nyingi anaweza kufungua pale koili zilipounganishwa ndani akakutolea ncha sita. Nakili pia ampea, hezi na mizunguko.

Hatua ya 2: Pima koili

Toa vipande vya shaba kwenye boksi la mota. Pima U1 na U2, V1 na V2, W1 na W2, yaani ncha mbili za kila koili: omu zilingane. Kisha tumia mega (kipimo cha kuona kama umeme unavuja) ya volti 500 kati ya kila koili na mwili wa mota, na kati ya koili zenyewe. Chini ya megaomu 1, usiiwashe. Ikaushe au ipeleke ikasukwe. Kazi hii ifanyike kabla inveta haijaunganishwa, maana mega huiua.

Hatua ya 3: Funga delta

Unganisha U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2. Kwenye maboksi mengi vipande vitatu vya shaba vinasimama wima sambamba. Vikilala kwa mstari mmoja, hiyo ni stari, yaani koili zote zimekutana sehemu moja, siyo delta.

Hatua ya 4: Nyaya

Mota ya kilowati 1.5 huipa inveta kazi ya kuvuta ampea 15 hivi upande wa kuingia, kwa hiyo ipe laini yake yenye waya wa milimita za mraba 2.5 na sakiti breka ya ampea 20. Umeme wa nyumba uingie kwenye L na N za inveta. Ukiuingiza kwenye U, V, W, ambako waya za mota hufungwa, umeiunguza hapo hapo.

Ile swichi ya zamani ya kwenda mbele na nyuma iondoe kati ya inveta na mota. Kukata waya hizo mota ikizunguka kunaweza kuua inveta. Swichi, na kitufe chekundu cha dharura, vipeleke kwenye vituo vidogo vya kuongozea vilivyo kwenye inveta. Waya wa ethi utoke kwenye inveta hadi mota, na mwili wa mashine nao ufungwe ethi.

Inveta ikae kwenye boksi lenye hewa, mbali na makapi ya chuma. Chembe moja ndani inatosha kuleta shoti. Ukizima, subiri dakika 10 kabla ya kufungua: kapasita zake hubaki na volti 300 na zaidi.

Hatua ya 5: Mipangilio

Ingiza ampea za kibao upande wa delta (ile namba kubwa), volti 230, hezi 50. Muda wa kupanda na kushuka mwendo uwe sekunde 3 hadi 5. Mwendo wa chini nauzuia hezi 20, kwa sababu feni iko kwenye shafti ya mota: ikienda taratibu, mota haipozwi. Ukitaka mwendo wa chini wenye nguvu ya kukata chuma kigumu, hamisha mkanda kwenye puli. Inveta haitakupa nguvu hiyo.

Hatua ya 6: Jaribu bila mkanda

Ikizunguka kinyume, zima, subiri, kisha badilishana waya mbili zozote kati ya U, V, W. Ampea zisome kwenye kioo cha inveta, kwani mita ya kawaida hudanganya upande wa kutoka.

Sasa vaa mkanda. Weka rula ndefu kwenye uso wa puli zote mbili. Ikigusa vizuri kote, kaza bolti za miguu. Kata kipande cha chuma laini kwa nusu saa, kisha zima na uguse mota. Mkono ukishindwa kukaa, rudi kwenye hatua ya 5.