Piga hesabu ya plaiwudi kabla hujashika msumeno

Nilikwepa kununua plaiwudi ya pili, nikazikata shelfu za mwalimu mmoja kwa upana, nyuzi za nje zikikatiza urefu wa shelfu. Miezi mitatu haikuisha, zikalegea kama kitanda cha kamba. Siku hizi natanguliza kalamu.

Tuchukue plaiwudi ya paina ya milimita 15, yenye matabaka 5, nyuzi za kila moja zikikatiza za jirani yake. Pitisha kidole chenye mate kwenye ukingo uliokatwa: matabaka yanayoonyesha vichwa vya nyuzi yanaiva rangi, yaliyolala hayabadiliki sana. Pima kila moja kwa rula. Hapa naweka milimita 3 kwa wote, ila dukani utakuta ya katikati yamenenepa au yana mapengo.

Sasa utamu wa hesabu. Tabaka likikaa mbali na kitovu cha unene, mchango wake unapanda haraka, kwa sababu ukakamavu unafuata kipeo cha tatu cha unene. Andika 1, 27, 125, yaani vipeo vya tatu vya 1, 3 na 5: tabaka la katikati peke yake, matatu ya kati, kisha yote matano. La katikati lina hisa 1, mawili yanayolifuata 27 − 1 = 26, mawili ya nje 125 − 27 = 98. Unene ni uleule, lakini ya nje yamekomba hisa 98 kati ya 125!

Ukakamavu wa paina nauweka nyutoni 9000 kwa milimita ya mraba kufuata nyuzi, na 300 kuzikatiza.

Nyuzi za tabaka la katikati zinaelekea kama za nje, kwa hiyo hisa zao ni 98 + 1 = 99.

Shelfu ikifuata nyuzi za nje: (99 × 9000 + 26 × 300) ÷ 125 = 7190.
Ikizikatiza: (26 × 9000 + 99 × 300) ÷ 125 = 2110.

Kisha jaribu kwa ndoo. Kata kipande cha upana wa milimita 300, kiegemeze kwenye papi mbili zilizoachana milimita 800, weka kijiti katikati na juu yake ndoo ya maji ya lita 20, yaani nyutoni 200 hivi. Mshuko ni P × L³ ÷ (48 × E × I): P ni uzito wa ndoo (200), L ni umbali kati ya papi (800), E ni ukakamavu uliopata juu (7190 au 2110), na I ni upana × unene³ ÷ 12, hapa 84375. Utapata milimita 3.5 kwa kufuata nyuzi, 12 kwa kuzikatiza. Ukipima 5 badala ya 3.5, plaiwudi yako ni dhaifu: punguza 7190 hadi 5000 hivi, uendelee na hiyo.

Vitabu haviondolewi shelfuni kama ndoo, na mbao huendelea kulegea chini ya mzigo wa kudumu, kwa hiyo mshuko wa mwaka mzima nauzidisha karibu mara 2. Za mwalimu nilizikata upya, na plaiwudi ya pili nikailipia mwenyewe.