Namna ya kuongoza somo la imani na matendo bila darasa kugawanyika

Ukitaka somo hili liharibike mapema, anza kwa kuuliza, "Tunaokolewa kwa imani au kwa matendo?" Kila mtu alikuja na jibu lake tangu nyumbani. Mlutheri na Mpentekoste watakimbilia Waefeso 2:8 (tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani), Mkatoliki atafungua Yakobo 2:24 (mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake), na kuna ndugu amekaa nyuma na Mathayo 25 yake, ya hukumu ya waliowalisha wenye njaa na wasiowalisha, anangoja zamu. Mimi huongoza darasa la Biblia la watu wazima wa madhehebu mchanganyiko, wakiwemo mume na mke wanaosali makanisa tofauti, na swali hilo siku hizi siligusi mwanzoni. Naanza na umri wa Abrahamu.

Chora mstari mrefu ubaoni. Mwanzoni andika Mwanzo 15:6: Abramu, ambaye baadaye ataitwa Abrahamu, anaahidiwa uzao kama nyota, anamwamini Mungu, anahesabiwa haki, yaani anakubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki. Kisha wape watu kazi ya kutafuta wenyewe, usiwatafunie. Ishmaeli anazaliwa Abramu akiwa na miaka 86 (16:16). Abrahamu anatahiriwa akiwa na miaka 99 (17:24). Isaka anazaliwa baba yake akiwa na miaka 100 (21:5). Mwisho wa mstari weka sura ya 22, mlima wa Moria, Abrahamu anapokwenda kumtoa Isaka sadaka. Hapo umri wa Abrahamu hautajwi, basi usibuni. Tunachojua ni kwamba Isaka tayari ana nguvu za kubeba kuni.

Sasa mweke Paulo kwenye mstari huo. Katika Warumi 4 ananukuu Mwanzo 15:6, kisha anauliza: alihesabiwa haki kabla ya kutahiriwa au baada? Ubao unajibu wenyewe: kabla, tena si chini ya miaka 13 kabla. Halafu mweke Yakobo. Yeye (2:21-23) anasimama Moria, kijana akiwa juu ya madhabahu, anageuka kutazama nyuma na kunukuu aya ileile, akisema andiko lilitimizwa. Mtu ni yuleyule na aya ni ileile, ila waandishi wamesimama sehemu mbili za maisha yake. Ukifika hapa nyamaza kidogo. Watu huanza kurudi kwenye Biblia zao bila kuambiwa.

Hatua inayofuata ni kuuliza kila mwandishi alikuwa anabishana na nani. Kwa Paulo, pitia Wagalatia haraka: waamini wasio Wayahudi wanalazimishwa kutahiriwa. Kwa Yakobo usiwe na haraka. Mwombe mtu asome kwa sauti 2:15-16, asome tena: ndugu hana nguo wala chakula, na mwenzake anamwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba. Uliza, "Paulo angemwambia nini huyu msemaji?" Waache wahangaike, kisha wapeleke Wagalatia 5:6, kwenye imani itendayo kazi kwa upendo. Kwa maoni yangu, imani ambayo Yakobo anasema hata mashetani wanayo siyo ile anayoihubiri Paulo. Wapo darasani wasiokubaliana nami, na ni haki yao.

Ila usikimbilie kutangaza kwamba ugomvi umekwisha. Tofauti ipo, na kuificha ni kuwadharau watu. Kwa Martin Luther, aliyeanzisha Matengenezo ya Kiprotestanti, matendo mema ni matunda ya haki ambayo Mungu amekwisha kukupa. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547 ulifundisha kwamba haki hiyo huhifadhiwa na hata kuongezeka kwa matendo mema, na ukakataa fundisho kwamba matendo ni matunda na ishara tu. Hapo ndipo penyewe pa kubishania.

Ili kila upande uache kubishana na kivuli, mpe kila mmoja asome cha mwenzake. Mprotestanti anayesema Wakatoliki "wananunua mbingu" asome kanuni ya kwanza ya Trento kuhusu kuhesabiwa haki: inamlaani anayedai mtu anaweza kupata haki kwa matendo yake bila neema ya Mungu kupitia Kristo. Mkatoliki anayesema Luther alihalalisha uvivu asome utangulizi wake wa Warumi wa 1522, anaposema matendo hayatenganishwi na imani, kama vile moto usivyotenganishwa na joto na mwanga wake. Kisha soma aya ya 15 ya Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, lililotiwa saini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, bila kutaja limetoka wapi, uwaulize ni la kanisa gani. Kila mmoja atadai ni la kwao. Ukishawaambia ni la Walutheri na Wakatoliki pamoja, na kwamba Wamethodisti walijiunga 2006, ongeza pia kwamba wapo Waprotestanti ambao hawajalikubali mpaka leo.

Atatokea mtu wa kuuliza kuhusu mzazi wake aliyefariki bila kwenda kanisani. Huyo habishani. Usimjibu mbele ya watu, mfuate baada ya darasa.

Na mwizi msalabani, yule aliyeahidiwa paradiso na Yesu siku ileile, hakosi kutajwa, kwa hiyo jiandae na Luka 23:39-43. Wengine watasema hakufanya tendo lolote. Wengine watasema alimkemea mwenzake, akakiri kosa lake, akaomba, na hayo nayo ni matendo. Wape dakika kumi, kisha funga kwa sala, hata kama kuna mkono bado uko juu.