Ukitaka kazi ya usuluhishi, anza kwa kukaa kimya

Vijana wanaonijia hapa Ngamiani, mjini Tanga, kutaka kujua kazi ya usuluhishi huanza kwa kuuliza chuo. Mimi huwauliza: umewahi kukaa nyuma kwenye baraza la kata, ukasikiliza watu wakigombea kiwanja asubuhi nzima bila kutia neno? Asiyeliweza hilo atafute kazi nyingine mapema, ada yake isipotee.

Basi mwendee katibu wa baraza la kata yako, umwombe ukae usikilize. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021, baraza halihukumu tena mashauri ya ardhi. Linasuluhisha tu, ndani ya siku 30, na likishindwa wahusika wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo wanaosema limebaki kibogoyo. Mimi naona limepata kazi inayolifaa, maana mtu asiyeweza kukunyang'anya kiwanja unamwambia mengi.

Sasa kazi yenyewe. Tuseme umeletewa ugomvi wa boti ya dagaa: mwenye boti anadai nahodha anauza samaki baharini kabla ya kufika mwaloni kunakoshushwa samaki, nahodha anadai tajiri wake huyo anamkata fedha za mashine mara mbili. Usiwaite pamoja kwanza. Msikilize kila mmoja peke yake, na ukinywa chai kwa huyu, kanywe na kwa yule, maana mji huu unahesabu vikombe.

Usiulize nani mwongo. Uliza mgao: mafuta, barafu na chakula cha mabaharia vinatolewa kabla ya kugawana au baada? Hapo mara nyingi utakuta hawajawahi kukubaliana, kila mtu alidhani mwenzake anajua. Kisha uliza kila mmoja anaogopa nini. Tajiri huenda anaogopa nahodha atahamia boti nyingine na mabaharia wote wamfuate. Nahodha huenda ana karo ya mtoto, anataka fedha ya uhakika hata siku ambazo bahari haikutoa kitu. Hayo hawatayasema mbele ya watu, ila yasipotoka, hiyo suluhu haitadumu.

Kikao kiweke siku za mbalamwezi, wavuvi wa taa wanapopumzika. Ukikiweka wakati wa giza, atakuja mtu mwenye usingizi na hasira, au hatakuja kabisa. Wala kisiwe mwaloni. Mtu mzima haombi radhi mbele ya mabaharia wake, na ukimlazimisha, umeshampoteza. Muulize tu, "Mzee, wewe ungependa liishe vipi?" Maneno mwachie ayatafute mwenyewe.

Wakipatana, andikeni. "Watalipana vizuri" si makubaliano. Andika kiasi, tarehe, nani anampa nani, na itakuwaje boti isipotoka. Soma kwa sauti kabla ya mtu kutia sahihi au dole gumba.

Mambo mengine usiyaguse. Mke anayepigwa au mtoto aliyeharibiwa si wa kupatanishwa sebuleni. Peleka Dawati la Jinsia na Watoto polisi, hata kama wazee wa ukoo watakununia.

Kuhusu chuo sasa. Mkoani kwetu tuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, kinachofundisha sheria ngazi ya cheti na stashahada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huo ni mlango mzuri kwa asiye wakili. Kwa migogoro ya kazini ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyotokana na sheria za 2004; mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 kupeleka lalamiko lake. Ndoa nazo, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida hupitia baraza la usuluhishi kabla ya talaka kuombwa mahakamani. Ukitaka kuwa msuluhishi wa kujitegemea, zipo kanuni za 2021 za ithibati, yaani kutambuliwa rasmi. Uliza Wizara ya Katiba na Sheria.

Kipato? Usiache biashara yako mwanzoni. Mimi bado nauza vitenge. Ukianza kulipwa, taja malipo kabla ya kikao na pande zote mbili zitoe sawasawa. Samaki kolekole akiletwa nyumbani kabla ya shauri kwisha, mrudishe siku hiyo hiyo, hata kama mchuzi wa nazi umeshatokota.