Somo: Kushika kikamera kidogo cha video ukumbini bila kuharibu harusi ya watu

Wakuu salama? Somo nililoahidi ndo hili. Mimi natumia Sony HDR-CX405, kidogo kinaingia kiganjani, ukifungua kioo cha pembeni kinawaka chenyewe. Sio tachi, kuna kakitufe ka kusukuma huku na huku, na kikebo cha USB kimefichwa kwenye mkanda wa mkono (kuna watu wamenunua kebo nyingine bure kabisa).

1. Kadi. Ni microSD, weka ya GB 64 klasi 10 (hiyo klasi ni kasi ya kadi kuandika), na uiformati ndani ya kamera, sio kwenye kompyuta.

2. Aina ya faili. Kamera inakuchagulisha aina ya kuhifadhi video: XAVC S, yenye ubora wa juu zaidi, ni megabiti 50 kwa sekunde, saa moja inakula kama GB 22 hivi, AVCHD inakula kama nusu au pungufu. Harusi ya kuanzia kanisani mpaka watu wanagombania maua mimi naweka AVCHD, halafu nawasha na MP4 irekodi sambamba maana bi mkubwa wa bibi harusi lazima atataka kipande cha WhatsApp usiku uleule.

3. Zumu. Boksi limeandika 60x, menyu inakupa mpaka 350x, usidanganyike, ya lenzi ni 30x tu, huko kwingine ni kamera inakuza pikseli. Zima zumu ya dijito mapema.

4. Modi. Mchana nje acha Auto, inajitahidi. Ukumbini ndo kasheshe, shela jeupe, taa kali usoni na nyuma giza, uso wa bibi harusi unageuka karatasi. Hapo ingia kwenye chaguo za mandhari weka Spotlight, uso unarudi. Kuna za ufukweni, za fataki na za machweo, nazo zina siku zake.

5. Fokasi, yaani kamera kukamata kitu kionekane kikali. Hapa niliumia. Wanakata keki, dijei akawasha moshi na taa za rangi, kamera ikaanza kutafuta, inaona inapotea inaona inapotea, kipande cha keki kimefika mdomoni mwa bwana harusi video ni ukungu mtupu. Siku hizi kabla ya keki naelekeza kwenye keki yenyewe, ikikamata tu nahamishia fokasi ya mkono, naiacha hapohapo.

MASWALI

Swali: Mkuu yangu nimeletewa na shemeji kutoka Marekani, chini ya taa za tyubu picha inachezacheza. Mbovu?
Jibu: Sio mbovu kaka. Umeme wetu ni hezi 50, za Marekani zinarekodi kwa mwendo wa 60, haviendi pamoja. Mwambie mwenye ukumbi azime zile tyubu. Anayenunua sasa aulize kwanza ni ya 50 au 60.

Swali: Maiki ya nje nachomeka wapi?
Jibu: Hupati dada, haina tundu. Rekodi sauti kwa simu karibu na MC, piga kofi moja mbele ya kamera ukianza, baadae ukihariri unalinganisha lile kofi la kwenye video na la kwenye simu, sauti na picha zinaenda pamoja.

Swali: Betri moja inatosha harusi nzima?
Jibu: Haifiki hata kwenye keki. Nunua tatu.