Kuandaa bustani na nyasi kabla ya baridi kali

Anza wiki 6 hivi kabla umande haujaanza kuganda, udongo ukiwa bado na joto. Endelea kukata nyasi hadi ziache kukua. Mkato wa mwisho uziache na urefu wa sentimita 5 hadi 6. Zikiwa ndefu hulala chini ya theluji na kushika ukungu, na zikinyolewa mno mizizi hukosa akiba. Majani yaliyopukutika yasikae juu yake, maana huziba mwanga na hewa. Yakatekate, uyatandaze kwenye matuta.

Mbolea iwe na potasiamu nyingi na naitrojeni kidogo. Naitrojeni ikizidi huchipusha majani mororo, na hayo baridi huyaua upesi.

Mimea isiyopukutisha majani imwagilie vizuri kabla ardhi haijaganda, kwani huendelea kupoteza maji msimu mzima. Kisha funika mizizi kwa matandazo ya sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina lisije likaoza. Mimea yenye magonjwa ing'oe. Usiitie kwenye mboji.

Kinachosahaulika zaidi ni mpira wa maji. Uchomoe kwenye bomba, toa maji yote yaliyomo, uuweke ndani. Maji yakiganda hutanuka, na hupasua hata bomba la chuma.